Beki Aliyewapangia Wenzake: Dick LeBeau, Nereo Rocco na Mizani ya Ulinzi

Agosti 2010, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Dick LeBeau aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo ambao Wamarekani wanauita futiboli na sisi tunalazimika kuuongezea jina la nchi yao. Alikuwa na umri wa miaka 72 na bado alikuwa kazini, kocha wa ulinzi wa Pittsburgh Steelers. Timu nzima ya Steelers iliacha kambi ya maandalizi ikasafiri kumshuhudia. Wachezaji wale hawakuwahi kumwona akicheza, kwani alistaafu uwanjani mwaka 1972, kabla wao hawajazaliwa. Walikuja kwa ajili ya mwalimu wao. Jumba, kwa upande wake, lilimpokea kama mchezaji.

Msomaji aliyelelewa na soka anahitaji maelezo kidogo ili aone uzito wa pengo hilo. Katika mchezo wa Kimarekani timu moja ni vikosi viwili, kimoja cha kushambulia na kingine cha kulinda, watu 11 kila kimoja, na mtu anaweza kumaliza maisha yake yote ya uchezaji bila kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mchezo hukatika kila baada ya sekunde chache. Kila unapokatika, kocha wa ulinzi hutuma agizo jipya: nani amvamie mrusha pasi, ambaye wenyewe humwita kwotabeki; nani amng'ang'anie mpokeaji; nani alinde eneo gani. Kazi hiyo ina cheo chake, mshahara wake na takwimu zake. Katika soka kazi hiyo ipo pia, lakini imemezwa na jina la kocha mkuu. Mtu anayewapanga mabeki wa Simba au wa Gor Mahia wasimame vipi kona inapopigwa, mtangazaji wa redio hamtaji.

Nimemweka LeBeau kando ya mtu wa desturi nyingine kabisa, Nereo Rocco wa Trieste, kocha wa Kiitalia aliyefariki mwaka 1979. Wote wawili walicheza kwanza, wakafundisha baadaye. Wote walijijengea jina kwa ustadi wa kuzuia. Na wote wawili, kwa maoni yangu, wamehukumiwa kwa vipimo ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya kazi yao.

LeBeau mchezaji ni rahisi kumweleza. Mwaka 1959 Cleveland Browns walimchagua kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State, kisha kocha wao Paul Brown akamtema kabla ya msimu kuanza. Detroit Lions wakamwokota, naye akakaa nao misimu 14 akiwa beki wa pembeni. Alinasa pasi 62 za wapinzani, na alipostaafu ni watu wawili tu katika historia ya ligi waliokuwa wamenasa nyingi kuliko yeye. Alicheza mechi 171 mfululizo bila kukosa. Upande wa pili wa uwanja, kwa misimu kadhaa, alisimama Dick Lane, beki wa kutisha aliyeitwa Treni ya Usiku, na makocha waliomwogopa Lane walielekeza pasi zao upande wa LeBeau. Beki wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba wapinzani wanamhesabu yeye kuwa mlango wa kupitia.

Kuna mechi moja ya miaka ile ninayodhani inaeleza mengi kuhusu kocha aliyekuja kuwa. Desemba 1970 Lions walicheza na Dallas Cowboys katika mtoano. Ulinzi wa Detroit haukuruhusu hata mguso mmoja wa ushindi, ule wa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, siku nzima. Hata hivyo walifungwa 5–0, kwa pointi za njia nyingine. Matokeo kama hayo katika mchezo ule, ambao pointi 20 ni jambo la kawaida, ni kioja. Beki aliyetoka uwanjani siku ile alijua kwa mwili wake kwamba ulinzi unaweza kutimiza kila kitu na bado timu ikarudi nyumbani imeshindwa. Mtu huyo huyo ndiye tunayetaka kumpima kwa idadi ya vikombe.

Uvumbuzi wake ulianzia Cincinnati. Bengals walimwajiri mwaka 1980, na mwenye timu alikuwa Paul Brown, yule yule aliyemtema miaka 21 nyuma. Tangu 1984 LeBeau alikuwa msimamizi wa ulinzi, na tatizo lililomkabili lilikuwa na mwandishi anayejulikana. Bill Walsh, aliyekuwa msaidizi wa Brown hapo hapo Cincinnati hadi mwaka 1975, alikuwa amebuni mashambulizi ya pasi fupi za haraka, kisha akayapeleka San Francisco. Ulinzi wa zamani ulikuwa na njia mbili tu za kujibu. Ukituma watu wengi kumvamia kwotabeki, nyuma unaacha nafasi tupu, naye anaupeleka mpira pale pale walipotoka wavamizi. Ukiwarudisha watu nyuma, anapata muda wa kuchagua. Pasi fupi ziliadhibu chaguo zote mbili.

Jibu la LeBeau ndilo linaloitwa blitzi ya zoni. Mchezaji wa mstari wa kwanza, jitu la kilo mia na ushee ambalo kazi yake tangu utotoni ni kusukumana, linaanza kana kwamba linakwenda kuvamia, kisha linarudi nyuma hatua chache na kusimama katika njia ya pasi fupi. Wakati huo huo beki au mchezaji wa mstari wa pili, ambaye hakuna aliyemtazamia, anatokea upande mwingine na kumvamia kwotabeki. Wavamizi bado ni wanne au watano, na wanaolinda nyuma bado wanatosha. Kilichobadilika ni nani anafanya nini. Kwotabeki aliyefundishwa kurusha mpira mahali mvamizi alipotoka anaurusha, na anamkuta pale mtu wa mstari wa kwanza amenyoosha mikono. Uvamizi umekuja bila kulipiwa gharama nyuma.

Je, ilikuwa mali yake? Hapa desturi mbili zinakutana kwa namna iliyonishangaza. LeBeau mwenyewe hakuficha kwamba alikwenda kumtembelea Bill Arnsparger, aliyekuwa amesimamia ulinzi wa Miami Dolphins katika msimu wao wa 1972 ambao hawakupoteza mechi. Miami walikuwa na mchezaji aitwaye Bob Matheson, jezi namba 53, ambaye mara alivamia na mara alirudi nyuma, na mfumo mzima ukaitwa kwa namba yake. Baadaye, Pittsburgh, mbinu ile ilipata umaarufu mkubwa kuanzia 1992 ikiwa chini ya Dom Capers, na LeBeau alikuwa msaidizi wake, mwalimu wa mabeki wa nyuma. Kuna wanaosema baba ni Arnsparger, kuna wanaosema aliyeikamilisha ni Capers.

Italia nako ni vivyo hivyo. Katenacho, ule mfumo wa kumweka beki huru nyuma ya wenzake wanaokaba mtu kwa mtu, una wazazi wengi. Wengine huanza na Karl Rappan, Mwaustria aliyefundisha Uswisi katika miaka ya 1930 na kuiongoza kuitoa Ujerumani 4–2 katika Kombe la Dunia la 1938. Wengine husimulia habari za Gipo Viani na timu ndogo ya Salernitana iliyopanda daraja mwaka 1947. Rocco anaingia na Triestina ya nyumbani kwao, aliyoifikisha nafasi ya pili nyuma ya Torino msimu wa 1947–48, kisha Padova, aliyoipandisha hadi nafasi ya tatu mwaka 1958. Na Viani na Rocco, kama Capers na LeBeau, waliwahi kufanya kazi katika klabu moja, AC Milan.

Anayetafuta mvumbuzi mmoja katika habari hizi anatafuta kitu kisichokuwapo. Kuzuia ni kazi ya kujibu. Wajibuji kadhaa, wakikabiliwa na shida ile ile, huelekea kufikia majibu yanayofanana, na hakuna anayeibiwa. Kinachomtofautisha fundi ni muda aliokaa na jibu lake, akilirekebisha kila wapinzani walipolizoea. LeBeau alikaa nalo zaidi ya miaka 30, katika miji minne, na msimu wa 2008, karibu robo karne baada ya Cincinnati, Steelers waliruhusu pointi 223 tu katika mechi 16. Hakuna timu nyingine ya ligi iliyoruhusu chache hivyo mwaka ule. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkuu, na una nguvu kuliko hadithi yoyote ya nani alikuwa wa kwanza.

Waitalia hawakumhukumu Rocco kwa namba. Walimhukumu kwa uzuri na kwa maadili. Katenacho ilitetewa na mwandishi mkubwa wa michezo Gianni Brera, aliyeiona kuwa silaha halali ya mwenye nguvu ndogo, na ikalaaniwa na wengine kama woga uliovalishwa akili. Inter ya Helenio Herrera, iliyocheza mfumo huo, iliposhindwa 2–1 na Celtic mjini Lisbon tarehe 25 Mei 1967, Ulaya nzima ilishangilia kana kwamba kosa la jinai limeadhibiwa. Hukumu ile ilimgusa Rocco pia, ingawa haikumfaa. Milan yake ya 1963 iliyoifunga Benfica ya Eusébio, kijana wa Msumbiji, 2–1 pale Wembley, ilikuwa na Altafini aliyefunga mabao yote mawili. Milan ya 1969 iliichapa Ajax 4–1 mjini Madrid, na Prati akafunga matatu. Katikati ya timu zote mbili alikuwapo Gianni Rivera, msanii ambaye Rocco alimkinga na kazi ngumu za kukaba ili miguu yake ibaki huru. Ulinzi wa Rocco ulikuwa ghala la kumlipia Rivera uhuru wake. Anayemkumbuka Rocco kama mtu wa kuua mchezo hajatazama ulinzi ule ulimfanyia kazi nani.

Kipimo cha Kimarekani nacho kina upofu wake. Kwa kuwa kila agizo lina mwandishi na kila yadi imehesabiwa, wameamini kwamba thamani ya kocha iko katika jedwali. Jedwali linasema kwamba LeBeau alipopewa Bengals kama kocha mkuu, baada ya mechi tatu za msimu wa 2000 hadi mwisho wa 2002, alishinda mechi 12 na kupoteza 33. Ni rekodi mbaya, sina haja ya kuipamba. Lakini nimesoma mara nyingi ikitumika kama doa juu ya kazi yake ya ulinzi, kana kwamba msimamizi wa ulinzi ni kocha mkuu ambaye hajakomaa. Huo ni mtazamo wa ngazi, kwamba kila aliye juu ni bora kuliko aliye chini. Ukocha mkuu ni kazi nyingine, ya kuamua nani aajiriwe, nani alipwe, waandishi waambiwe nini. LeBeau hakuiweza. Fundi seremala aliyeshindwa kuendesha kiwanda hajapoteza mkono wake wa kuchonga.

Mapungufu yanayohusu ufundi wake wenyewe ndiyo yanayostahili kuchunguzwa, na yapo. Januari 1989, fainali ya Super Bowl, Bengals walikuwa mbele 16–13 zikiwa zimebaki dakika tatu na ushei. Joe Montana wa San Francisco alianzia yadi 8 kutoka lango lake, akaivuka safu ya LeBeau kwa yadi 92, na zikiwa zimesalia sekunde 34 akamwona John Taylor: 20–16. Kocha wa upande wa pili alikuwa Walsh, katika mechi yake ya mwisho na timu ile. Jibu lilishindwa na swali lenyewe. Januari 2012, mtoano dhidi ya Denver, muda wa nyongeza ulipoanza, mabeki wa nyuma wa Pittsburgh walisogezwa mbele kwa sababu kwotabeki Tim Tebow alijulikana kuwa mkimbiaji. Agizo la kwanza tu la muda huo, Tebow alirusha pasi kwa Demaryius Thomas, na Thomas akakimbia hadi mwisho, yadi 80. Ubashiri wa LeBeau ndio ulioacha uwazi ule. Katika miaka yake ya mwisho Pittsburgh, hadi alipoondoka Januari 2015, ilionekana pia kwamba mfumo wake ulihitaji wachezaji waliokomaa ndani yake. Vijana walichelewa kuuelewa, wakati wakongwe walikuwa wanazeeka.

Lakini kukomaa huko ndiko pia kulikozaa tukio kubwa kuliko yote katika kazi yake. Februari 2009, Super Bowl dhidi ya Arizona Cardinals. Steelers wako mbele 10–7, nusu ya kwanza imebakiza sekunde 18, na Arizona wako yadi moja tu kutoka kwenye mstari wa ushindi. Agizo lililotoka lilimtaka James Harrison amvamie kwotabeki Kurt Warner. Harrison alianza kama anakwenda, kisha akarudi nyuma, akasimama katika njia ya pasi fupi, akaunasa mpira na kukimbia nao yadi 100 hadi upande wa pili. Badala ya kwenda mapumziko wamesawazishiwa au wako nyuma, Steelers walikuwa mbele 17–7. Walishinda 27–23.

Harrison hakutii agizo. Swali la anayepima urithi ni kama tukio lile liingie kwenye daftari la kocha au la mchezaji. Nimeliwaza sana, na jibu langu ni kwamba liingie kote kuwili bila kugawanywa. Alichokifanya Harrison, kujifanya mvamizi kisha kurudi njiani, ndicho hasa kitendo ambacho LeBeau alikuwa akikifundisha tangu Cincinnati. Mchezaji alichagua wakati wa kukitumia vizuri zaidi kuliko kocha alivyoweza kuuchagua akiwa pembeni. Mfumo unaofikia hatua ya kuwafanya watu wake wauboreshe katikati ya sekunde mbili umefundishwa vizuri. Ndivyo pia ilivyokuwa kwa Troy Polamalu, beki wa nyuma aliyekuwa akiacha nafasi yake kwa kuhisi tu na mara nyingi akafika kabla ya mpira. Kocha mwingine angemkalisha benchi. LeBeau aliwapanga wenzake wa Polamalu kwa namna ya kuufunika uhuru ule, kama Rocco alivyoufunika wa Rivera. Sioni ulinganifu mwingine kati ya watu hawa wawili unaonigusa zaidi ya huu.

Kuna daftari jingine ambalo Waitalia hawakulazimika kulifungua. Katika mji ule ule wa Pittsburgh, mwaka 2002, daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa zamani wa Steelers wa upande wa mashambulizi, akakuta madhara ya kugongwa kichwa miaka na miaka. Alichapisha matokeo yake mwaka 2005. Oktoba 2010, miezi miwili baada ya sherehe ya Canton, ligi ilimtoza Harrison faini ya dola 75,000 kwa kumgonga mpokeaji wa Cleveland. Sitamtwisha LeBeau lawama ya mchezo mzima; hakuutunga, na kwa misimu 14 mwili wake mwenyewe ulikuwa ndani yake. Hata hivyo ulinzi wa Pittsburgh ulisifiwa kwa ukali wake, na sehemu ya hofu ya makwotabeki ilikuwa hofu ya kuumizwa. Tathmini inayohesabu pasi zilizonaswa na kuruka vichwa vilivyogongwa haijamaliza kazi. Mimi nadhani akili ya mfumo wake, ule udanganyifu wa nani anakuja na nani anabaki, itadumu kuliko ukali, na ninafarijika kwamba ndiyo sehemu iliyokuwa yake kweli.

Trieste ilimpa Rocco uwanja wa mpira wenye jina lake, uliofunguliwa mwaka 1992. Lakini mtu anayetaka kujua thamani yake katika kazi atazame waliokuwa chini yake Wembley mwaka 1963: Cesare Maldini, nahodha, baadaye kocha wa timu ya taifa; Giovanni Trapattoni, baadaye bingwa wa ligi za nchi nne. Upande wa LeBeau, Marvin Lewis alikuwa kocha mwenzake Pittsburgh miaka ya 1990, kisha akausimamia ulinzi wa Baltimore Ravens ulioruhusu pointi 165 tu msimu wa 2000 na kuchukua ubingwa, na ndiye aliyerithi kiti cha Bengals LeBeau alipofukuzwa.

Halafu kuna Februari 2011, Super Bowl ya mwisho ya LeBeau, Steelers dhidi ya Green Bay Packers. Ulinzi wa Green Bay ulikuwa chini ya Dom Capers. Robo ya kwanza, kwotabeki wa Pittsburgh akiwa amebanwa na uvamizi, mpira ulimtoka vibaya, beki Nick Collins akaunasa na kuurudisha yadi 37 hadi mstari wa ushindi. Packers walishinda 31–25, huku vikosi vyote viwili vya ulinzi vikicheza somo lile lile. Katika rekodi ya LeBeau mechi hiyo imeandikwa kuwa ni kushindwa. Kama ningekuwa na kura Canton, ningeihesabu upande wa ushahidi, pamoja na zile pointi 223 za Pittsburgh na 165 za Baltimore, na ningeomba Jumba limhesabu miongoni mwa makocha.